Dalali Aliniuzia Nyumba na Wafu Wake

Kama ndiyo kwanza unaanza kunisoma, nitakufupishia. Aibu yangu haina haja ya maelezo marefu.

Naitwa Haja. Ninauza miwani katikati ya Antananarivo, na maisha yangu yote nilijihesabu mjanja. Mimi na mke wangu Fanja tulitaka nyumba. Fanja alisema twende kwa wakala mwenye leseni. Nikamwambia wenye leseni ni wanyonyaji, watatukata kamisheni ya bure. Nikamtafuta dalali wa barabarani aitwaye Dimby, mtu mwenye pikipiki nyekundu na maneno matamu kuliko sukari guru.

Dimby akatupeleka Ambohivony, kilimani, kwenye nyumba ya matofali yenye roshani ya mbao. Tukalipa kwa pesa aliyoachiwa Fanja na marehemu baba yake.

Nyuma ya ile nyumba kulikuwa na rundo kubwa la matofali lililofunikwa turubai. Mimi, mjanja, nilikataa kutia saini mpaka matofali yale yaingizwe kwenye bei. Dimby alijikuna kichwa, akasikitika, akasema namkamua muuzaji, mwishowe akakubali. Siku ile nilirudi mjini napiga mluzi.

Wiki jana mliniacha nimeshika tofali mkononi. Nilikuwa nayapunguza ili nijenge banda la kuku. Safu ya kwanza ilipotoka, nyuma yake sikukuta matofali mengine. Nilikuta ukuta wa saruji. Kwenye ukuta mlango wa jiwe. Juu ya mlango msalaba, na chini ya msalaba majina ya watu.

Lilikuwa kaburi la ukoo, lile la kwetu la kuingia chini kwa ngazi, lenye rafu za mawe na mababu wa watu wamelala juu ya rafu.

Fanja alitoka jikoni na kikombe cha maji ya ukoko wa wali, akasimama nyuma yangu.

"Hiyo nini?"

"Tangi," nikasema.

"Tangi lenye msalaba?"

Nikalirudisha tofali mahali pake.

"Soma hayo majina."

"Ya nini kusoma?"

"Soma, Haja. Si ndiyo kazi yako kupima watu macho? Anza mstari wa juu, ushuke taratibu. Ukishindwa nikuletee lenzi."

Nikasoma. Nilipofika jina la tatu nikaacha, nikageuka kumtazama.

Mke akilia, unajua la kufanya. Fanja hakulia. Alicheka, na alipocheka nikajua nimekwisha.

"Uliwaomba wakuongezee matofali," akasema. "Wamekuongezea na wafu wao."

Nikampigia Dimby palepale. Alipokea kwa furaha kama mtu anayengoja habari za harusi.

"Kaka Haja! Vipi kilimani huko? Hewa safi, eh?"

"Dimby, kuna kaburi uwanjani kwangu."

Nikasikia anakohoa. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyekosewa: "Ina maana umeyatoa matofali?"

"Nimeyatoa."

"Sasa uliyatoa kwa nini, kaka? Si yalikuwa yamekaa vizuri tu?"

"Umeniuzia kaburi!"

"Hapana, hapo usinisingizie. Chukua karatasi yako uangalie kama pameandikwa kaburi. Umelipia nyumba, kiwanja na matofali. Kaburi sijakulipisha hata senti. Tena hayo matofali uliyang'ang'ania mwenyewe, mimi nilikukataza."

"Nataka pesa yangu."

"Pesa gani niliyonayo mimi? Mimi mtu wa katikati tu. Pesa ilipita mkononi mwangu inakimbilia kwa mwenyewe."

"Na kamisheni uliyokata?"

"Ile jasho langu, kaka. Umewahi kuona jasho likarudi mwilini?" Kisha akashusha sauti, akawa daktari. "Lakini usihangaike. Uliniambia unataka mahali patulivu, na majirani hao hawatakupigia muziki. Ila kama roho yako haikubali, nina mtu wangu anayeweza kuongea na ukoo. Nitumie ya mafuta tu nianze kulishughulikia leo leo."

Wasomaji wangu, mnanijua mpaka sasa. Nilimtumia.

Tangu hapo namba yangu hakuipokea tena.

Fanja aliponiona naitazama ile simu kama mtu anayetazama sufuria iliyoungua, hakuuliza. Alikwenda ndani, akarudi amejitupia begani shuka lake la kutokea.

"Vaa viatu. Tunakwenda kwa mtu uliyemkwepa."

Ofisi ya Madamu Vololona, wakala mwenye leseni, iko juu ya duka la mikate. Ngazi nzima inanukia siagi, unafika juu una njaa na aibu kwa pamoja. Ni mama wa makamo mwenye nywele fupi za mvi. Leseni yake imetundikwa ukutani mahali ambapo wengine huweka picha ya harusi. Miwani yake ilikuwa imepinda upande wa kushoto, na kwa muda nilitamani zaidi kuinyoosha kuliko kusikiliza.

Fanja alieleza. Alipotaja Ambohivony, Madamu Vololona akaweka kalamu chini.

"Nyumba yenye roshani ya mbao? Ya Ndrema?"

"Ndrema ndiye aliyetuuzia," nikasema. "Unamjua?"

"Alikuja hapa kabla hajaenda kwa huyo Dimby wenu. Alikalia hicho kiti unachokalia. Mimi nikipewa nyumba niiuze, kwanza nazunguka mpaka wote kwa miguu, halafu nawasalimia majirani, halafu nakwenda ofisi ya ardhi kuangalia kiwanja kina jina la nani. Jirani wa kwanza tu niliyemsalimia akaniambia kule nyuma kuna kaburi la ukoo wa Ndrema. Kule ofisi ya ardhi nako nikaambiwa kiwanja ni cha ukoo mzima, Ndrema ni mrithi mmoja katika msururu wa warithi. Nikamwambia, leta saini za ndugu zako wote, kaburi na njia yake vipimwe vitolewe kwenye kiwanja, ndipo nitakuuzia. Aliondoka hajamaliza kahawa."

"Akaenda kutafuta matofali," Fanja akasema.

"Matofali mimi sikuyakuta. Mimi nilikuta kaburi."

Nikajitutumua. Mtu akiaibika hutafuta wa kumlaumu, na pale alikuwepo mmoja tu. "Kama ulijua, mbona hukutuambia?"

"Ningewaambia wapi? Barabarani? Sikujua kama mpo duniani. Mngekuja hapa mkaniuliza tu, hata bila kununua chochote kwangu, ningewaambia. Na msingelipa kitu."

"Nilikuwa nakwepa asilimia tano yako," nikasema kwa sauti ndogo.

Madamu Vololona alivua miwani. "Asilimia tano inalipwa na nani?"

"Mnunuzi."

"Nani kakwambia?"

Nikatazama nje. "Dimby."

Fanja aliinua macho kwenye dari, akayaacha huko huko.

"Bwana Haja," yule mama akasema, bila hasira, kama anamweleza mgonjwa kipimo. "Kwangu mimi anayelipa ni muuzaji. Nakubaliana naye kwa maandishi kabla sijatundika hata picha moja ya nyumba yake. Inakatwa kwenye bei, mara moja, siku mnapotia saini mbele ya mwanasheria, na risiti inatoka. Nyumba isipouzika, sipati hata ya chai. Kukupeleka kuangalia, bure. Ukiangalia nyumba kumi ukazikataa zote, bure vilevile, ila nitakusema moyoni."

"Yaani mimi ningelipa..."

"Wewe ungelipa bei ya nyumba. Basi."

Nilikuwa nimekimbia deni lisilokuwa langu. Niliona Fanja anaukunja ukingo wa shuka lake, anaukunjua, anaukunja tena.

"Na wewe Dimby ulimlipaje?" Madamu akauliza.

Hapo ndipo nilipotamani mlango wa ofisi ungekuwa karibu zaidi. Nikaanza kutaja. Ya kuonyeshwa nyumba, kila safari. Ya mafuta ya pikipiki. Ya kumlainisha muuzaji ashushe bei. Ya karatasi. Ya shahidi. Kisha kamisheni yenyewe.

"Na bei ya nyumba mlitoa kiasi gani?"

Nikamtajia.

Madamu Vololona aliivaa tena miwani yake. Alivuta droo, akaifunga bila kutoa kitu. "Ndrema hapa kwangu alitaka pungufu ya hapo kwa robo nzima. Na alikuwa na haraka ya kuuza, hakuwa na sababu ya kupandisha."

"Robo imekwenda wapi?" Fanja akauliza, ingawa alishajua.

"Imekaa kwenye pikipiki. Kawapigia cha juu. Na kamisheni ya Ndrema kala vilevile, msiwe na shaka. Huyu analipwa na wewe, analipwa na Ndrema, na katikati anajilipa mwenyewe. Ndiyo maana anaonekana mtu wa bei nafuu."

Akaniomba karatasi ya mauzo. Nikaitoa kwenye bahasha. Aliisoma mbele, akaigeuza nyuma.

"Mlitilia saini wapi?"

"Kwenye kibanda cha supu."

"Mwanasheria alikuwepo?"

"Dimby alisema mwanasheria ni gharama."

"Shahidi ni nani huyu?"

"Mwenye supu."

"Basi karatasi hii inathibitisha jambo moja," akasema, akinirudishia. "Kwamba mlikunywa supu."

Fanja akacheka tena kile kicheko. Safari hii kilikatikia njiani.

"Madamu," akasema, "kwa hiyo nyinyi wenye leseni hamdanganyi?"

"Wapo wanaodanganya. Nina wenzangu nikiwaona barabarani navuka upande wa pili. Lakini mimi nikikuficha kasoro ninayoijua, ile pale ukutani inashushwa, unanishtaki, na bima yangu inakulipa. Mlango wangu unaujua, na kesho nitakuwa hapahapa. Dimby utamshusha nini ukutani?"

Nikairudisha karatasi ndani ya bahasha.

"Nendeni kwa wenye kaburi nyinyi wenyewe, kabla hawajawajia. Kisha mkawashtaki Dimby na Ndrema, ingawa huko mtangoja. Sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Fanja alifungua pochi. "Leo tunakulipa kiasi gani?"

"Leo? Nimewauzia nini?"

Tulishuka ngazi za siagi. Njia nzima kurudi kilimani Fanja hakunitukana, na ningemlipa anitukane.

Ushauri wa kuwaendea wenye kaburi ulikuwa mzuri. Ulichelewa tu.

Tulikuta lango letu wazi. Uwanjani kulikuwa na watu waliojifunika mashuka kwa baridi ya Julai. Wawili walivuta kamba kupima kutoka kaburini mpaka jikoni kwangu. Mwingine alihesabu mahali pa kuweka masufuria. Na mbele ya mlango wa nyumba yangu, juu ya kiti alichokuja nacho mwenyewe, alikaa bibi mmoja mwembamba aliyevaa kofia ya ukili.

"Karibuni," akatukaribisha kwetu. "Poleni na safari. Tusameheni, tumeingia bila taarifa. Sisi ndio wakubwa, na tumekosa adabu. Mimi ni Razanamasy. Nyinyi ndio wapangaji wapya wa mjukuu wangu Ndrema?"

Fanja alinikanyaga mguu. Sikujua ana maana niseme au ninyamaze.

"Jumamosi tunawatoa wazee wetu kaburini," bibi akaendelea. "Tunawavisha sanda mpya. Imepita miaka mingi, wanalalamika baridi. Nimeota mama yangu ananiomba shuka mara mbili mwezi huu. Watu watakuwa wengi, kwa hiyo tutawaomba jiko na maji, na bendi ikae pale penye kivuli. Na nawashukuru kwa kutuondolea matofali. Ndrema alisema ameyaweka kuzuia mbuzi wasipande kaburini. Ni mtoto mwenye huruma."

"Bibi," nikasema, "sisi si wapangaji."

"Wageni wake?"

"Tumenunua."

Mwenye kamba aliacha kuvuta.

"Mmenunua nini?"

"Nyumba. Na kiwanja."

Bibi Razanamasy hakupaza sauti. Alinyoosha kidole kuelekea mlango wa jiwe. "Mle ndani, rafu ya kulia, yumo mama yangu. Mmemnunua kwa bei gani? Niambie tu, mwanangu, nijue. Maana enzi zake alikuwa mtu wa gharama."

Nimeishi na wateja wa kila aina, waliorusha miwani usoni kwangu. Hakuna aliyewahi kunipiga vile.

Fanja alipiga magoti kwenye vumbi. "Bibi, pesa tuliyotoa ni ya shamba la mpunga la baba yangu. Yeye naye amelala kwenye kaburi kama hili, kusini kwetu. Kaburi la watu siwezi kulinunua. Tulifichwa. Ningejua, nisingewasha moto hapa hata siku moja."

Bibi aliwageukia watu wa ukoo wake, akauliza, "Ndrema yuko wapi?"

Walitazamana. Mmoja akasema, "Toamasina. Aliaga kwamba kapata kazi bandarini."

"Kazi," bibi akasema. "Mtoto mwenye huruma." Akasimama, akajishika kiuno. "Haya. Wafu kwanza, walio hai wanaweza kungoja. Jumamosi tutacheza na wazee wetu, nanyi mtakula nasi, maana mmelala nao jirani na hamkuwafanyia ubaya. Jumapili ukoo utakaa, mtasikia neno letu. Lakini sitawaficha, wanangu. Ndrema tulimpa pa kulala. Hatukumpa cha kuuza."

Yaani Jumapili tutaondoka. Na pesa imeondoka kabla yetu.

Majirani wa Ambohivony walikuwa wameshapata habari zote. Nilipokwenda dukani kununua mshumaa, mwenye duka alinitoza bei ya kawaida, akaongeza maneno bure: "Eti wewe ndiye muuza miwani? Kaka yangu alikuwa anataka kuja kwako kupimwa. Nimemwambia asubiri kidogo."

Jumamosi ilifika na matarumbeta.

Sitawasimulia yote. Anayejua shughuli zile anajua. Nyama ya nguruwe yenye mafuta ilikuwa inachemka tangu alfajiri, wali wa kulishia kijiji ulikuwa umerundikwa kwenye majani ya migomba, na vijana walikuwa wameshaanza kunywa pombe kali. Mlango wa jiwe ulivutwa. Wazee walitolewa mmoja mmoja juu ya mikeka, na watu wakawaita kwa majina, wakawapa habari za nani kaoa na nani kajifungua.

Nilikuwa nimejibanza karibu na jiko. Bibi Razanamasy akaniona.

"Wewe! Njoo ushike hapa."

Akanipa pembe moja ya mkeka. Juu yake alikuwa amelala mama yake, mwepesi kama furushi la nguo. Bibi akainama, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Mama, usishtuke. Huyu anayekubeba ndiye aliyekununua."

Uwanja mzima uliangua kicheko. Mpiga tarumbeta alikosea noti. Nami, sijui kwa nini, nikacheka nao, kicheko changu cha kwanza tangu nishike lile tofali. Tukambeba tukicheza, tukazunguka kaburi, na bibi akawa anacheza mbele yetu na kofia mkononi, analia na kucheka. Nikafikiri, labda Jumapili hawatakuwa na mioyo migumu. Labda watatuacha tupange hata chumba.

Ndipo niliposikia pikipiki.

Nyekundu. Iliingia langoni kwangu taratibu, kwa heshima ya msafara. Nyuma yake teksi ndogo. Kwenye teksi wakashuka kijana aliyevaa koti la suti na mkewe mjamzito, aliyekumbatia mkoba wake kwa mikono miwili. Dimby alivua helmeti, akawapungia watu wa ukoo kama shemeji yao.

"Mnaona wenyewe," nilimsikia akiwaambia. "Kijiji cha watu wakarimu. Majirani wana shughuli, hata hamjahamia mmeshaalikwa."

"Na lile kaburi?" yule dada akauliza.

"La majirani hao hao. Liko shamba la pili. Mpaka wa kwenu unaishia pale kwenye mfereji, nyumba iko huku, kaburi liko kule. Tena mna bahati, mkwe wangu mwenyewe aliitaka hii nyumba nikamnyima."

Nilimkabidhi mtu pembe yangu ya mkeka. Nilimfikia Dimby nikamkamata koti.

"Umethubutu kurudi hapa?"

"Taratibu, kaka, wateja wanatazama."

"Nani kakutuma kuuza nyumba hii?"

"Mimi siuzi nyumba ya mtu bila kutumwa," akasema, tena kwa uchungu. "Nina aibu zangu. Muulize shemeji, alinipigia kwa simu yake."

Nikageuka.

Fanja alikuwa amesimama na sahani mbili za wali, moja yangu. Hakuinamisha macho.

"Fanja?"

"Jumapili tunatoka hapa mikono mitupu," akasema. "Pesa ya baba yangu inanywewa bia Toamasina. Wewe umeipoteza kwa ujanja. Niache mimi niirudishe kwa ujanja."

"Kwa hawa? Huyu dada ni mjamzito!"

"Kwa yeyote asiyeuliza. Sisi tuliuliza?"

"Shemeji amesema kweli," Dimby akachomekea. "Na safari hii nachukua kidogo tu, kwa kuwahurumia. Wanatoa malipo ya kwanza hapahapa, leo. Ule mkoba haujabeba karanga."

Sikumtazama yeye. Nilimtazama mke wangu. Ni yeye aliyetaka tupite kwa mwenye leseni tangu siku ya kwanza. Ni yeye aliyepiga magoti mbele ya bibi. Sahani zilikuwa zimelala upande mikononi mwake, mafuta yanachuruzika kwenye vidole, na hakuwa na habari.

"Haja," akasema polepole, "ni pesa ya baba."

Yule kijana wa suti alikuwa ameshatufikia. Alinipa mkono kwa adabu, wa pili ameshika kiwiko chake kama walivyolelewa watoto wa watu.

"Samahani, wewe ndiye mwenye nyumba?"

Nikatikisa kichwa, na hata mimi sikujua nimekubali au nimekataa.

"Mke wangu ana wasiwasi na lile kaburi. Tungepitia kwenye ofisi za mawakala, lakini tumeambiwa kule wanamkata mnunuzi sana. Tukaona heri tumwamini mtu wa kawaida." Akatabasamu. "Huyu bwana anasema liko nje ya kiwanja. Tunaomba utuambie wewe mwenyewe. Ni kweli?"

Bendi ilikuwa imemaliza wimbo. Bibi Razanamasy alisimama kando ya mkeka wa mama yake, kofia mkononi, akatugeukia. Dimby alinitabasamia kama siku ya kibanda cha supu. Fanja aliziweka sahani chini.

Yule dada alikuwa ameshafungua zipu ya mkoba.

"Mpaka unapita wapi, kaka?" mumewe akauliza tena.

Nikainua mkono nimwonyeshe.